Signal kwa Mtu Aliyekwisha Kusema Hadharani: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Tathmini nyingi za programu ya Signal huandikwa kwa kumfikiria mwandishi wa habari anayeandamwa na serikali, au mtumishi anayetoa siri za kampuni kubwa. Mimi si mmoja wao. Niliiweka kwenye simu yangu nikiwa mkazi wa kawaida aliyesimama katika mkutano wa hadhara wa eneo lake, akataja jina lake kamili, akauliza ni nani aliyeruhusu kiwanja kilichotengwa kwa matumizi ya wote kuzungushiwa uzio, kisha akaketi. Swali langu halikuchukua dakika tatu. Yaliyofuata yamechukua mwaka mzima, na katika mwaka huo nimeitumia programu hii kila siku, asubuhi na usiku, nikitafuta jambo moja tu ndani yake: je, inaweza kupunguza gharama anayolipa mtu kwa kusema mbele ya watu wanaomfahamu? Inapunguza sehemu ya gharama hiyo, na nitaieleza kwa haki, lakini sehemu hiyo si ile iliyoninyima usingizi.

Kwa wasioifahamu, Signal ni programu ya simu na kompyuta ya kutumiana ujumbe na kupigiana simu. Tangu mwaka 2018 imekuwa chini ya taasisi isiyo ya kibiashara iliyoundwa na Moxie Marlinspike pamoja na Brian Acton, mmoja wa waasisi wa WhatsApp, ambaye alitoa dola milioni 50 za kuanzia. Kutuma ujumbe na kupiga simu humo hakutozwi ada, wala haina matangazo, na ujumbe wake husimbwa kwa namna ambayo simu ya mtumaji na ya mpokeaji pekee ndizo zinazoweza kuusoma. Mwaka 2016, waendesha mashtaka nchini Marekani walipowataka waendeshaji wake wa wakati huo wakabidhi taarifa za watumiaji, kilichoweza kutolewa kuhusu akaunti kilikuwa tarehe ya kufunguliwa kwake na tarehe ya kuunganishwa kwa mara ya mwisho. Sifa hii ndiyo inayosimuliwa sana, na ni sifa ya kweli, ila mimi haikunifaa kwa lolote. Hakuna aliyehitaji amri ya mahakama ili ajue nilichosema, kwa kuwa nilikisema kwa kipaza sauti.

Kilichonipeleka kwenye programu hii ni karatasi ya mahudhurio. Mlangoni mwa ukumbi kila aliyeingia aliandika jina, anapoishi na nambari ya simu, nami niliandika vyote vitatu kwa mwandiko mzuri unaosomeka. Usiku wa siku ya pili simu yangu ilianza kupokea ujumbe kutoka kwa nambari nisizozijua: wengine walitukana tu, wengine waliuliza nimelipwa na nani, na mmoja, ambaye ndiye pekee aliyeniogopesha kweli, hakutukana hata kidogo bali aliandika jina la barabara ninayopita nikitoka kazini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba karatasi ile ya mlangoni ni hatari kuliko kipaza sauti.

Kwa tatizo hilo, Signal ina dawa nzuri. Tangu Februari 2024 mtumiaji anaweza kujiundia jina la mtumiaji, linalomalizikia kwa tarakimu mbili au zaidi, na kuwapa watu jina hilo badala ya nambari ya simu. Jina hilo halionekani kwenye wasifu wake, linaweza kubadilishwa wakati wowote, na linaweza kutolewa kama kiungo au msimbo wa kupigwa picha. Katika mipangilio ya faragha kuna maswali mawili yanayofanana kwa juu juu lakini yanayopaswa kujibiwa kila moja kwa uangalifu: nani anaweza kuiona nambari yangu, na nani anaweza kunitafuta kwa nambari yangu. Yote mawili niliyajibu kwa kuchagua kwamba asiwepo mtu yeyote. Ujumbe wa mtu usiyemfahamu hausukumwi moja kwa moja katika mazungumzo yako, bali husubiri kama ombi ambalo unaweza kulikubali, kulifuta au kumzuia mwenyewe, na hilo peke yake liliniwezesha kulala simu ikiwa kando ya kitanda. Nililiweka jina langu la mtumiaji kwenye waraka tuliousambaza kuhusu kiwanja, watu wakanifikia kupitia hapo, na jina hilo lilipoanza kupokea matusi nililibadilisha kwa muda usiozidi dakika moja. Nambari ya simu huwezi kuibadilisha hivyo bila kupoteza nusu ya maisha yako.

Hata hivyo, maelezo yake yana sharti ambalo wengi hulipita bila kulisoma. Mtu ambaye tayari amehifadhi nambari yako katika orodha ya simu yake ataendelea kuiona. Kwa mwandishi wa habari anayezungumza na chanzo cha mbali, sharti hilo halina uzito. Kwa mtu anayebishana juu ya jambo la mtaani kwake, sharti hilo ndilo habari yote. Wanaoihifadhi nambari yangu ni jirani niliyewahi kumwazima ngazi, mzazi ambaye mtoto wake anasoma na wangu, fundi, mwenyekiti wa kamati, na binamu wa mtu aliyeweka uzio. Programu hii inaweza kunificha kwa dunia nzima isipokuwa kwa watu mia mbili, na hao mia mbili ndio niliotofautiana nao.

Niligundua tena jambo hilohilo kwa njia ya kuchekesha kidogo. Signal ina kifaa, kilichoongezwa mwaka 2020, cha kufifisha nyuso katika picha kabla ya kuituma, nacho kinafanya kazi vizuri: huzitafuta nyuso chenyewe na kuziziba, na iliyosalia unaiziba kwa kidole. Tulipokutana watu kumi na wawili kando ya ule uzio nilipiga picha, nikaficha nyuso zote, kisha nikaituma kwenye kundi kubwa la wakazi nikiwa na uhakika kwamba sikumweka mtu yeyote hatarini. Kabla ya jioni mtu mmoja alikwisha kuwataja wote kumi na wawili, kwa mpangilio, kwa mashati yao.

Makundi ndiyo sehemu niliyoitumia zaidi, na ndiyo inayostahili maelezo marefu. Kundi la Signal linaweza kuwa na watu hadi elfu moja. Msimamizi anaweza kuamua kwamba kila anayeingia kwa kiungo lazima aidhinishwe kwanza, na anaweza kuzuia wengine wasiandike. Sisi tulikuwa sita. Tulichagua kuwa wachache, tukachagua kufahamiana, na kwa miezi mitatu niliandika humo mambo ambayo nisingeyasema ukumbini: hofu zangu, hasira zangu, na sentensi moja ya kijinga kuhusu kiongozi mmoja wa eneo letu. Asubuhi moja msimamizi wangu kazini aliniita ofisini, akaiweka simu yake mezani, na kwenye kioo chake ilikuwapo sentensi ile, ikiwa na jina langu juu yake na saa niliyoiandika. Hakunifukuza. Aliniuliza kwa upole kama nilifikiri taasisi yetu ingeweza kuendelea kupata kazi kutoka kwa watu wale, na mwezi uliofuata nilihamishiwa kitengo ambacho hakikutani na wateja.

Usimbaji haukuvunjwa na yeyote. Mmoja kati ya sita alipiga picha ya skrini, au aliishika simu yake mbele ya simu nyingine. Kwenye simu za Android, Signal inaweza kuwekwa izuie picha za skrini, lakini kwenye simu yako mwenyewe. Haina mamlaka juu ya simu ya mwenzako, wala juu ya macho yake. Sioni kwamba hili ni kosa la watengenezaji. Mnamo Machi 2025 maofisa wa juu kabisa wa serikali ya Marekani walijadili mashambulizi ya kijeshi huko Yemen ndani ya kundi la Signal ambalo mhariri wa jarida la The Atlantic, Jeffrey Goldberg, alikuwa ameingizwa kwa makosa, na programu ikamfikishia kila neno kwa uaminifu uleule iliowafikishia mawaziri. Ikiwa wao walishindwa kujua ni nani aliye chumbani, sikuona aibu sana kwamba sisi sita hatukujua. Aibu niliyoiona ni ile ya wiki zilizofuata, tulipokuwa tukisalimiana kila mmoja akimpima mwenzake kwa macho. Mpaka leo sijui ni nani kati yao, na wanne nadhani hawana hatia, lakini wote watano niliwapoteza kwa namna fulani.

Jambo hili si geni, na lilikuwapo kabla ya simu za mkononi. Helen Steel na David Morris, wanaharakati wawili wa London wasio na mali, walishtakiwa kwa kashfa na McDonald's mwaka 1990 kwa ajili ya kijikaratasi kilichogawiwa na kundi lao dogo, na ilikuja kubainika kwamba kampuni ilikuwa imewalipa wapelelezi binafsi wahudhurie mikutano ya kundi hilo kama wanachama. Kesi yao ilisikilizwa mahakamani kwa siku 313, na wao walijitetea wenyewe kwa sehemu kubwa kwa kuwa hawakupewa msaada wa kisheria. Ilipofika mwaka 2005 ndipo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoamua kwamba walinyimwa usikilizwaji wa haki na uhuru wao wa kujieleza ulikiukwa. Katika chumba chenye watu wanane ambamo wawili wanaandika taarifa kwa anayepingwa, programu ya aina yoyote ingeyafikisha maneno yote mahali pasipotakiwa.

Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu nyingine pia, kwani hatimaye nami nilipokea barua ya wakili. Hapo ndipo nilipolazimika kuitathmini upya ile sehemu ya Signal niliyokuwa nikiisifu kuliko zote: ujumbe unaojifuta. Mtumiaji anaweza kuchagua kwamba ujumbe ufutike baada ya muda fulani, kuanzia sekunde chache hadi wiki nne, na anaweza kuufanya muda huo kuwa wa kawaida kwa kila mazungumzo mapya anayoyaanzisha. Nilikuwa nimeweka wiki moja kila mahali. Nilijisikia mwangalifu na mwenye busara.

Barua ilidai kwamba nilimchafulia mtu jina kwa kudai kuwa uzio ulianza kujengwa kabla ya kibali kutolewa. Sheria za kashfa za nchi nyingi humtwika aliyesema mzigo wa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli. Mimi nilikuwa na uthibitisho: fundi mmoja alikuwa ameniandikia, kwa hiari yake, siku aliyoitwa kuanza kazi na mtu aliyemwita. Aliniandikia kupitia Signal. Wiki moja baadaye maneno yake yalifutika kwenye simu yangu na kwenye simu yake, kwa amri yangu mwenyewe, na nilipomwendea kumwomba ayarudie, alikuwa amepata kazi nyingine kwa mtu yuleyule na hakukumbuka kwamba aliwahi kuniandikia. Ujumbe wa vitisho uliokuja kupitia Signal nao ulikwenda njia hiyohiyo. Ikumbukwe pia kwamba katika mazungumzo ya watu wawili, yeyote kati yao anaweza kuuweka au kuubadilisha muda wa kufutika, kwa hiyo mtu anayekutisha anaweza kuhakikisha kwamba vitisho vyake vitayeyuka vyenyewe. Programu huonyesha mabadiliko hayo kwa mstari mdogo katikati ya mazungumzo, na nawasihi wanaoitumia kwa mambo ya namna hii wausome mstari huo, na wakipokea ujumbe wa maana wautoe humo siku hiyohiyo, wauhifadhi mahali pengine pamoja na tarehe na saa. Usiri na ushahidi havikai nyumba moja, na mtu anayesema hadharani huhitaji ushahidi zaidi.

Kesi za namna hii, ambazo lengo lake ni kumchosha msemaji kwa gharama na muda, zilipewa jina na wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Denver, George Pring na Penelope Canan, katika miaka ya 1980, walipoona jinsi raia walivyokuwa wakishtakiwa kwa sababu ya kuandika barua kwa mamlaka au kusema mikutanoni. Mwandishi wa Malta Daphne Caruana Galizia alipouawa Oktoba 2017 alikuwa na kesi za kashfa zaidi ya 40 juu ya kichwa chake. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikubali mwaka 2022 kwamba mtu anaweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa ameshtakiwa ili anyamazishwe, na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya kuwalinda wasemaji wa namna hiyo mwaka 2024. Mimi sikufika mahakamani. Wakili niliyemwendea alinishauri niandike barua fupi ya maelezo, si ya kuomba radhi, na upande wa pili ukanyamaza. Lakini nilimlipa wakili huyo kwa fedha zilizokuwa na kazi nyingine nyumbani, na mke wangu hakusema neno, jambo ambalo kwa tabia yake ni zaidi ya kusema.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nimeufikiria sana msemo huo tangu mdogo wangu, ambaye hakuhudhuria mkutano wowote na hana maoni yoyote juu ya kiwanja, aliporudi kutoka ofisi fulani akiwa ameambiwa faili lake halionekani. Huenda kweli halikuonekana. Ubaya wa adhabu za mtaani ni kwamba haziji na sahihi: faili hupotea, salamu hufupishwa, mtoto haalikwi, na ukilalamika unaonekana mwenye wasiwasi wa kupindukia. Sijui ni programu gani ingeweza kuzuia mojawapo ya hayo, nami siiondolei Signal alama kwa sababu hiyo.

Alama naiondolea kwa jambo jingine, ambalo sijaona likitajwa katika tathmini yoyote. Baada ya mkutano ule nilipokea, kupitia jina langu la mtumiaji, ujumbe wa kuniunga mkono kutoka kwa watu ishirini na tisa. Niliwahesabu. Walikuwamo walimu, mfanyabiashara mmoja, na mtu mmoja wa ndani ya kamati yenyewe. Karibu wote walimalizia kwa maneno yanayofanana: tuko pamoja, lakini usinitaje. Programu hii imelifanya tendo la kuunga mkono kwa siri kuwa salama, rahisi na la kuridhisha, kiasi kwamba mtu huutuma ujumbe wake, huuona umesomwa, na hujihisi amekwisha kutimiza wajibu wake. Katika ukumbi, viti vyao vilikuwa vitupu, au walikaa humo wakitazama sakafu.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya majaribio mashuhuri katika miaka ya 1950, ambapo mtu aliulizwa ni mstari upi ulio sawa na mwingine, huku wenzake wote chumbani, walioelekezwa kabla, wakitoa jibu la uongo kwa sauti. Takriban theluthi moja ya majibu yalifuata uongo wa kundi. Mtu mmoja tu alipotoa jibu sahihi kwa sauti, kufuata huko kulishuka sana. Neno lenye uzito hapo ni kwa sauti. Kama yule mwenzake angemnong'oneza baadaye mlangoni kwamba naye aliuona mstari jinsi ulivyokuwa, jaribio lisingebadilika. Mimi nilikuwa na minong'ono ishirini na tisa mfukoni, iliyosimbwa vizuri kabisa, na ukumbini nilionekana mtu mmoja mwenye wazimu wake.

Siwalaumu, maana nimeshaeleza kilichompata mdogo wangu. Wala sisemi kwamba wasingekuwa na programu hii wangesimama; huenda wasingeniandikia kabisa, nami ningekuwa mpweke zaidi usiku ule wa vitisho. Ninachosema ni kwamba mtu anayeipima Signal kwa matumizi haya aujue uzani wa anachokipata. Anapata ukuta kati yake na wageni. Anapata faraja. Wenzake nao wanapata sababu nzuri ya kubaki nyuma ya ukuta.

Mengine naweza kuyapitia haraka. Sauti ya simu zake ni safi, na kuna mpangilio wa kupitisha simu kwenye seva zao ili anayezungumza nawe asiweze kuona anwani yako ya intaneti. Kujisajili bado kunahitaji nambari ya simu, jambo linalowaudhi wengi kwa haki. Weka nambari ya siri na ufunge usajili kwayo, la sivyo atakayeipata nambari yako ya simu anaweza kujaribu kujisajili kwa jina lako. Wazee katika kundi letu walisumbuka kidogo kuihamishia kwenye simu mpya. Kuwa nayo tu kumewahi kutumiwa dhidi yangu mkutanoni, pale mtu mmoja aliposimama na kuuliza kama asiye na la kuficha anahitaji programu ya kujificha, na ukumbi ukamshangilia.

Nimeendelea nayo. Kundi letu sasa lina watu wanne, wawili wa zamani na wawili wapya. Mwezi uliopita, wiki moja kabla ya mkutano uliopangwa kujadili tena kiwanja, mmoja wetu aliuliza humo nani angezungumza safari hii. Programu huonyesha alama ndogo mtu anapokuwa anaandika. Niliziona alama hizo zikitokea chini ya swali, zikatoweka, zikatokea tena kwa jina jingine, zikatoweka. Kwa kuwa tumeubakiza muda wa kufutika wa wiki moja katika kundi hilo, swali lilifutika lenyewe Jumamosi ile bila kujibiwa na yeyote, wakati mimi nilikuwa tayari nimesimama ukumbini nikisubiri nipewe kipaza sauti.